Daftari Linaloulizwa Bila Kufunuliwa



Wapendwa taifa la Mungu, na ninyi nyote mnaopitia ukurasa huu kila juma: tafakari yetu ya safari hii haitoki moja kwa moja katika masomo ya Jumapili, ingawa Maandiko tutayagusa. Inatokana na hoja iliyoletwa mbele ya Halmashauri ya Parokia, kwamba vitabu vyetu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo viingizwe katika kompyuta, na nakala yake itunzwe katika seva za kampuni iliyo mbali na hapa, ili moto, mvua au mchwa visitupotezee kumbukumbu za vizazi. Hoja ni njema. Mchwa wa Usukumani hawana heshima kwa kitabu cha sakramenti. Lakini wajumbe wawili walisimama wakauliza: majina hayo yakiisha kufika huko, ni nani atakayeweza kuyasoma? Swali hilo ni kubwa kuliko parokia yetu, nasi tunaliona kuwa la kila mkazi wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Katoro na Geita.

Hebu tutazame mahali ambapo majina yetu yamekwisha kuandikwa. Tangu Mei 2019 hadi tarehe 20 Januari 2020 tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, tukiwa na namba ya NIDA mkononi. Kijana anayeomba kazi mgodini anapimwa afya kabla ya kushuka chini, na majibu yanaingia katika faili. Mama mjamzito anaandikwa kliniki. Mwanachama wa kikoba anaandikwa hisa zake. Na wako waliopakua programu za mikopo katika simu zao, zile ambazo watu wameziita kausha damu, bila kujua kwamba walipobonyeza kitufe cha kukubali walikuwa wameikabidhi kampuni orodha nzima ya namba za ndugu na marafiki. Siku ya kuchelewa kulipa, shemeji na mwajiri na hata katekista wakapata ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Waliotajwa katika orodha hizo za namba hawakuwa wamekopa chochote. Kosa lao lilikuwa kujulikana na mtu aliyekopa.

Hatusemi kwamba kuandikwa ni kubaya. Mfalme Daudi aliwahesabu watu ikawa dhambi, lakini Yosefu naye alikwenda Bethlehemu kuandikwa, na Mwana wa Mungu akazaliwa katikati ya zoezi la sensa. Dawa hazifiki pasipo idadi ya wagonjwa, na ndoa haifungwi pasipo kuhakikisha kwamba bwana harusi hana mke mwingine Runzewe. Neno tunalotaka kulisema juma hili ni kwamba daftari linaweza kuulizwa bila kufunuliwa. Elimu ya kufanya hivyo ipo, si ndoto tena, na tunayo haki ya kuidai kwa kila anayetuandika. Elimu hiyo ina mipaka yake pia, na mipaka hiyo tutaisema wazi.

Kanisa lina uzoefu wa karne nyingi katika jambo hili, na inafaa tuanzie hapo. Kijana aliyebatizwa Kahama akitaka kufunga ndoa Geita, paroko wa Geita hapelekewi kitabu cha ubatizo cha Kahama. Anaandika barua kuuliza habari za mtu mmoja, naye anarudishiwa karatasi moja: cheti kipya cha ubatizo, pamoja na yale yaliyoongezwa pembeni mwa jina hilo, yaani kipaimara, na ndoa kama aliwahi kufunga, kama inavyoelekeza Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa. Jirani yake katika ukurasa uleule, ambaye pengine alizaliwa nje ya ndoa na habari hiyo imeandikwa waziwazi kwa wino wa mmisionari, hatajwi. Swali lilikuwa moja, jibu likawa moja, na kitabu hakikutoka kabatini. Sheria hiyohiyo ya Kanisa, katika Kanuni ya 220, inakataza kumharibia mtu jina jema na kuvunja faragha yake. Na Kanuni ya 489 na ya 490 zinaagiza kila jimbo liwe na hifadhi ya siri ambayo ufunguo wake hushikwa na Askofu peke yake. Siri ya Kitubio hatuihesabu humu, maana ile haiandikwi popote.

Hata hivyo utaratibu wetu wa barua una tundu. Anayekifungua kitabu ili kujibu anaona ukurasa mzima, na zaidi ya hapo anajua ni nani aliyeulizwa. Katika vigango vyetu, habari tu kwamba binti wa fulani ameombewa cheti cha ubatizo inatosha kuwafanya watu waanze kuhesabu ng'ombe wa mahari. Hilo ni jambo la kuchekesha, lakini tutakavyoona, si kila mara linachekesha.

Sasa tuingie katika kompyuta. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka kuweka daftari lake katika mashine ya mwingine alikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza, aliache wazi, mwenye mashine aweze kulisoma na kulitafutia majina haraka. Ya pili, alifunge kwa fumbo, jambo ambalo wataalamu wanaliita usimbaji fiche, ili mwenye mashine aone herufi zisizo na maana. Lakini hapo kila alipotaka jina moja ilimlazimu aliagize daftari zima lirudi nyumbani, alifungue, atafute, kisha alifunge upya. Ni sawa na mtu aliyeweka sanduku lenye kufuli katika nyumba ya rafiki: akihitaji shati moja, sanduku lote libebwe.

Mwaka 2000 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig, walionyesha njia ya tatu. Kwa lugha nyepesi, kila neno kabla ya kuondoka ofisini linapitishwa katika ufunguo wa siri na kugeuka alama isiyosomeka. Mwenye ufunguo akitaka kutafuta jina, haandiki jina lenyewe. Anatengeneza kwa ufunguo wake hati ndogo ya kutafutia jina hilo tu, na kuituma. Mashine inalinganisha, inapata mistari inayoafikiana na hati ile, inairudisha ikiwa bado imefumbwa, na mwenye ufunguo anaifungua ofisini kwake. Mwenye mashine amefanya kazi yote ya kutafuta, na hakuona jina lililotafutwa wala jibu lililotolewa.

Iko njia nyingine iliyotangulia hiyo, iliyoelezwa mwaka 1995 na Benny Chor, Oded Goldreich, Eyal Kushilevitz na Madhu Sudan, nayo inapendeza kwa sababu hata mwanakikoba asiyewahi kugusa kompyuta anaweza kuielewa. Tuseme kikoba kina makatibu wawili, kila mmoja ana nakala ya daftari lilelile la hisa, na hawazungumzi wao kwa wao. Unataka kujua hisa za mwanachama wa 9, lakini hutaki katibu yeyote ajue kwamba umemuulizia yeye. Chagua namba kadhaa kwa kubahatisha, kama mtu achukuaye maharage gizani: 2, 5, 7 na 11. Mwambie katibu wa kwanza akujumlishie hisa za hao wanne, anajibu, 140,000. Mwambie wa pili akujumlishie za 2, 5, 7, 9 na 11, anajibu, 165,000. Toa. Mwanachama wa 9 ana shilingi 25,000. Na kama bahati ingekuwa imemtia wa 9 katika kundi la kwanza, kwa katibu wa pili ungemwondoa badala ya kumwongeza. Kila katibu amesikia orodha ya kubahatisha isiyomwambia kitu. Wakikutana kilabuni usiku na kulinganisha, siri imekwisha. Ndiyo maana katika njia hii uaminifu wa wawili kutokula njama ni sehemu ya kufuli.

Mwaka 2009 Craig Gentry, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikwenda mbali zaidi akaonyesha kwamba mashine inaweza kufanya hesabu ya namna yoyote juu ya tarakimu zilizofumbwa bila kuzifumbua kamwe, na matokeo yakatoka yakiwa yamefumbwa vilevile. Mwanzoni ilikuwa polepole mno hata haikufaa kwa kazi. Leo sehemu za elimu hiyo zimeingia katika bidhaa za kawaida: tangu mwaka 2024 simu za iPhone zina uwezo wa kuuliza seva kuhusu namba inayopiga, na seva ikajibu bila kujua ni namba gani iliyoulizwa. Kwa hiyo ofisi itakayotuambia kwamba haiwezekani kulinda majina na wakati huohuo kuyatafuta, tuijibu kwa adabu kwamba inawezekana, ila pengine haikutaka kugharimia.

Tumeahidi kusema mipaka. Wa kwanza tutaueleza kwa majina yetu wenyewe. Tuseme fumbo letu ni jepesi, kila jina likigeuka alama moja isiyobadilika. Mtu aliyeiba daftari lililofumbwa anakaa na kuhesabu. Anaona alama mbili ambazo daima hutokea pamoja, tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja. Msukuma yeyote atamwambia hao ni nani: Kulwa na Doto. Alama inayomfuata mama huyo katika uzazi wa baadaye ni Shija. Hakuna kufuli lililovunjwa, na tayari majina matatu yamesomeka. Jambo hili si mzaha wa padre. Mwaka 2015 Muhammad Naveed, Seny Kamara na Charles Wright walichukua taarifa za wagonjwa wa hospitali 200 za Marekani, wakachukulia kwamba zimefungwa kwa mafumbo mepesi yaliyokuwa yakipendekezwa kwa ajili ya kutafuta haraka, na kwa kulinganisha tu wingi wa alama na takwimu zilizo wazi wakaweza kubaini habari za siri za wagonjwa wengi mno. Basi neno "tumesimba" peke yake halitoshi. Kuna fumbo na fumbo, kama kulivyo na dhahabu na mchanga unaong'aa.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi, na Maandiko yanatusaidia kuuona. Mamajusi walifika Yerusalemu kwa nia safi kabisa wakauliza alipo mfalme aliyezaliwa. Hawakumtaja jina. Hawakumjua mama yake. Lakini swali lao lenyewe lilimfikia Herode, na Herode hakuhitaji zaidi ya kujua kwamba swali limeulizwa: yuko mtoto, na wako wanaomtafuta. Akawaita kwa siri, akapima wakati, akajifanya naye anataka kuabudu. Wao walionywa wakarudi kwa njia nyingine, lakini watoto wa Bethlehemu walilipa. Tangu tulipoanza kusoma habari za kanzidata hizi, sura ile ya pili ya Injili ya Mathayo tunaisoma kwa hofu mpya. Swali nalo linasema. Mashine inayotafuta kwa alama za siri haijui neno, lakini inajua kwamba neno lilelile limetafutwa mara tatu juma hili, kwamba kila likitafutwa mistari ileile inaguswa, na kwamba aliyetafuta ni ofisi ile. Mwaka 2012 watafiti Islam, Kuzu na Kantarcioglu walionyesha jinsi mwenye mashine anavyoweza, kwa kufuatilia mistari inayoguswa, kukisia maneno yaliyotafutwa.

Wachungaji wa roho tumelijua hilo zamani, kwa njia ya miguu ya watu. Katika kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU mgonjwa ana namba ya kadi, majibu yake yanalindwa na Sheria Na. 28 ya mwaka 2008, faili limefungwa. Lakini jengo lina mlango, mlango unatazamana na benchi, na kwenye benchi ameketi jirani. Tunawajua watu wanaopanda basi kutoka mji wa Geita kwenda Mwanza kuchukua dawa ambazo zinatolewa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwao. Zamani walisubiri kivuko pale Busisi. Sasa wanapita juu ya daraja lililofunguliwa Juni 2025, lakini bado wanakwenda, na siku ambayo nauli haipo, dozi inakatika. Hakuna aliyeiba faili lao. Ni mlango unaowataja. Mganga mfawidhi aliyefikiri vizuri huitoa dawa ya VVU katika dirisha lilelile la dawa za shinikizo la damu, na kwa tendo hilo dogo amefanya kwa tofali kile ambacho wataalamu wanahangaika kukifanya kwa hesabu, yaani kuyafanya maswali yote yafanane.

Na kwetu wachache tunajulikana upesi. Ukiondoa jina katika orodha ukaacha "mwalimu wa kike, miaka 31, Rwamagasa", umeondoa nini? Huko Massachusetts, mwaka 1997, Latanya Sweeney alipata faili la afya la gavana William Weld katika taarifa zilizotolewa bila majina, kwa kutumia tarehe yake ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta. Kama gavana alipatikana katika jimbo lenye mamilioni ya watu, itakuwaje kwa mwalimu wa kitongoji chenye kaya mia mbili?

Tunafika sasa katika jambo lililotufanya tuandike kwa urefu huu. Kuanzia mwaka 2007 Kanda yetu ya Ziwa ilijulikana duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyochochewa na uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri, na uongo huo ulipata masikio hasa penye madini na penye uvuvi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 katika wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na leo ni ya mkoa wa Geita. Watoto wengi walipelekwa Buhangija mjini Shinyanga ili wawe salama, mbali na mama zao. Wauaji hawakuwa na kompyuta. Walichohitaji ni mtu mmoja wa kuwajibu: nyumba ipi, baba analala wapi, mtoto anatoka shule saa ngapi. Kila mauaji yalianza kwa swali lililopata jibu.

Ndugu hao wanahitaji kuhesabiwa. Sensa ya mwaka 2012 iliuliza habari zao, na ilifanya vema. Losheni ya kukinga jua inayotengenezwa KCMC, Moshi, haiwezi kugawanywa kwa kubahatisha, na kansa ya ngozi inawaua wengine ambao panga halikuwafikia. Lakini tutofautishe maswali. Anayepanga safari ya gari la losheni anahitaji kujua ni chupa ngapi ziende Nyang'hwale na ngapi ziende Msalala. Hahitaji jina hata moja. Muuguzi wa kituo anahitaji faili la mtoto aliye mbele yake siku hiyo. Hahitaji la mtoto wa kata nyingine. Orodha moja iliyo wazi, yenye majina na vitongoji na namba za simu za wazazi, inayozunguka kwa barua pepe kutoka ofisi hadi ofisi kwa nia njema, ni ramani ya kuwindia, na tunasema bila kutafuna maneno kwamba yeyote anayeitunga orodha ya namna hiyo katika mikoa hii anabeba dhamana ya damu. Daftari la watu hawa ndilo lingepasa kuwa la kwanza kufungwa kwa elimu tuliyoieleza: lijibu "ngapi", lijibu "huyu mmoja", likatae "wote wako wapi".

Machi 2009 Serikali iliendesha kura ya siri katika mikoa hii, wananchi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji. Aliyeandika alifichwa, na hilo lilikuwa jema, kwa maana kusema kungemgharimu maisha. Ila aliyeandikwa hakuwa na kinga yoyote dhidi ya jirani mwenye chuki ya mpaka wa shamba. Kumficha anayeuliza ni nusu ya kazi.

Jirani zetu wa Kenya walilipeleka jambo la namna hii mahakamani. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, nia ikiwa kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakapinga, na Desemba 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi, chini ya Jaji Isaac Lenaola, ikaona kwamba kukusanya kwa namna inayomfungamanisha mtu na hali yake ya afya kunavunja Katiba, ikaamuru majina yawekwe katika alama za siri. Nia njema ya mkusanyaji haikuwa utetezi wa kutosha. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kukisahihisha, na inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Parokia haiko juu yake.

Wako watakaosema kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Mama anayepanda basi kwenda Mwanza hana hatia yoyote. Wako pia watakaosema, na hoja yao ina uzito zaidi, kwamba mafumbo haya yatawafaa wezi wa dhahabu na wauaji kuliko wagonjwa. Kanisa lina sababu ya kulisikiliza hilo kwa unyenyekevu, kwa kuwa siri imewahi kutumika ndani yetu kuwafunika waliowadhulumu watoto, hata Baba Mtakatifu Fransisko, Desemba 2019, akaiondoa siri ya kipapa katika mashauri hayo. Sisi tunaona hivi: siri ya mnyonge inamkinga na mwenye nguvu, na hiyo tuitetee, siri ya mwenye nguvu inamkinga na haki, na hiyo tuifungue. Hakimu mwenye hati aulize kuhusu mtu mmoja anayeshukiwa, ajibiwe kuhusu huyo mmoja. Mwaka jana wakala mmoja wa ajira alituandikia akiomba orodha ya vijana wote wa parokia, umri na jumuiya zao, ili awatafutie kazi. Tulimjibu kwamba kijana atakayekuja mwenyewe akitaka barua ya utambulisho ataipata siku hiyohiyo. Walikuja kumi na wawili, wakaandikiwa kumi na wawili.

Tukirudi kwenye hoja ya vitabu vyetu, maoni yetu mbele ya Halmashauri yatakuwa kwamba viingizwe, lakini vifungwe hapahapa kabla ya kuondoka, kwa fumbo ambalo mtaalamu wa jimbo amelikagua na si kwa neno la muuzaji. Na kwamba swali likitoka ofisini liandikwe nani ameuliza na kwa sababu gani, na kumbukumbu hiyo isikae kwa kampuni. Linabaki jambo la ufunguo. Kitabu cha karatasi hakipotezi ufunguo, lakini daftari lililofumbwa likipotelewa nao ni maiti, na paroko huhamishwa, huugua, hufa. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha namna ya kuugawa ufunguo vipande vitatu ili wowote wawili wakikutana uundike, na mmoja peke yake asiwe na chochote. Sanduku la kikoba lenye kufuli tatu mnalifahamu. Hili linafanana nalo, isipokuwa mshika kipande mmoja akifariki, sanduku halikwami. Kipande kimoja kitakaa kwa paroko na kimoja jimboni. Cha tatu tunapendekeza akabidhiwe mlei, mwanamke au mwanamume, asiye mfanyakazi wa ofisi ya parokia na asiye ndugu wa karibu wa katibu. Jumuiya zilete majina kwa mwenyekiti wa walei kabla ya kikao kijacho.